Maktaba ya chuo haifunguki ukiwa nje ya chuo: tafuta kwanza anayekukatalia

Ujumbe unaoingia kwa wingi kwenye simu ya maktaba yetu hapa Mtwara una maneno mawili: "Maktaba haifunguki." Huongezeka kipindi cha mazoezi ya kufundisha, wanachuo wakishatawanyika Newala, Tandahimba, Nachingwea, wengine hadi Liwale. Shida ni kwamba kati yako na makala unayoitaka kuna milango mitatu, na kila mlango una mwenyewe. Wa kwanza ni mtandao wa simu, wa pili ni chuo, wa tatu ni mchapishaji wa jarida. Mlango wa kwanza ukigoma, mkutubi hana la kukufanyia. Ukigoma wa tatu, kubadilisha nenosiri mara kumi ni kujichosha bure.

Ukiwa ndani ya eneo la chuo mchapishaji hakuulizi jina. Anatazama anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha mtandao uliotumia, anaona ni ya chuo kilicholipia, anakuruhusu. Ndiyo maana wengi wanadhani JSTOR, ile hifadhidata ya majarida, ni ya bure mpaka siku wanapopanda basi kwenda nyumbani. Ukiwa Kitangari na bando lako, anwani inayoonekana ni ya kampuni ya simu, na kampuni ya simu haijalipia jarida lolote. Basi chuo huweka seva ya katikati, proksi: unajitambulisha kwake, nayo inakuchukulia ukurasa kwa niaba yako. Programu inayotumika sana kwa kazi hii ni EZproxy, iliyoanza mwaka 1999. Vyuo vingine vina OpenAthens, RemoteXs au MyLOFT. Muulize mkutubi wenu mnatumia ipi kabla hujaondoka chuoni, kwa sababu dalili hutofautiana kidogo.

Kwenye EZproxy kuna alama moja inayomaliza nusu ya ubishi: anwani iliyo juu ya kivinjari. Ukipita vizuri, www.jstor.org hubadilika na kuwa www-jstor-org, vistari vikichukua nafasi ya nukta, kisha hufuata jina la chuo linaloishia na .ac.tz. Ukiliona jina la chuo mkiani, mlango wa pili umeshaupita. Usipoliona, mchapishaji anakuona mpita njia tu, hata kama dakika tano zilizopita uliweka nenosiri sahihi. Kwenye simu anwani hufichwa au hukatwa. Iguse, itafunguka yote. Kwa OpenAthens anwani haibadiliki hivyo. Huko tafuta jina la chuo juu ya ukurasa wa mchapishaji.

Inazunguka tu, haifiki popote

Fungua tovuti nyingine isiyohusiana na chuo, gazeti lolote. Isipofunguka, tatizo ni mtandao wako, na hapo kuna mtego mmoja unaowapata wengi: WhatsApp inaenda vizuri, kwa hiyo mtu anaapa kwamba data anayo. Kumbe alinunua bando la mitandao ya kijamii. Bando hilo linafungua WhatsApp na Facebook, halifungui maktaba. Angalia salio la data ya kawaida.

Gazeti likifunguka lakini ukurasa wa maktaba usifunguke, mwombe mwenzako aliye mkoa mwingine, mwenye laini ya kampuni nyingine, ajaribu. Kwake nako ikigoma, seva ya chuo imelala. Mara nyingi sababu ni umeme: ukikatika chuoni na betri za chumba cha seva zikaisha, proksi inazimika hata kama wewe uko Dodoma na taa zinawaka. Seva zikiwashwa tena kila kitu kinarudi bila wewe kugusa chochote.

Ipo na sababu ya mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Kwa watu wa Kusini ilikuja wiki hiyo hiyo ambayo bado tulikuwa tunahesabu madaraja ya Somanga yaliyoharibiwa baada ya kimbunga Hidaya. Barabara shida, mtandao shida. Siku kama hizo hakuna cha kurekebisha kwenye simu yako. Pumzika, usinunue bando jingine.

Ikifunguka kwa simu lakini ikagoma kwenye kompyuta ya ofisi ya halmashauri au shule unayofanyia mazoezi, huenda ukuta wa usalama wa ofisi hiyo ndio unaozuia. Washa hotspot ya simu, endelea.

Inaniambia muunganisho si salama

Tazama tarehe ya kompyuta. Kompyuta mpakato za mkono wa pili, ambazo betri ndogo ya ndani imekufa, zikizimika kabisa hurudi miaka mingi nyuma, na kivinjari kikilinganisha tarehe hiyo na cheti cha usalama cha tovuti kinaona mambo hayalingani. Sahihisha tarehe na saa, pakia ukurasa upya. Tarehe ikiwa sawa na onyo bado lipo, usilazimishe kupita. Huenda cheti cha seva ya chuo kimeisha muda, na hilo ni la watu wa TEHAMA wa chuo.

Nenosiri linakataliwa, na nina uhakika ni sahihi

Uhakika huo niusikiapo huwa nauliza maswali matatu.

La kwanza: ni nenosiri la wapi? Mfumo wa matokeo na usajili ni kitu kimoja, proksi ya maktaba inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Vyuo vingine vimeviunganisha, vingine havijaviunganisha. Ukibadilisha nenosiri la mfumo wa matokeo, usitegemee maktaba ijue.

La pili: simu yako imeandika nini hasa? Kibodi za simu hugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa bila kuulizwa. Ukigusa neno linalopendekezwa, huongeza nafasi tupu mwishoni. Nafasi hiyo huioni kwa macho lakini seva inaihesabu kama herufi. Namba ya usajili nayo ina mikwaju, na kuna mifumo inayotaka mikwaju hiyo na mingine isiyoitaka. Andika herufi moja moja, gusa kile kijicho cha kuonyesha nenosiri, kisha hakiki. Na usijaribu mfululizo kwa hasira: mifumo mingi hufunga akaunti kwa muda baada ya majaribio kadhaa, ukabaki unapigana na kufuli ulilojifungia mwenyewe.

La tatu halipendwi: umesajiliwa muhula huu? Akaunti ya maktaba mara nyingi hufuata orodha ya waliosajiliwa. Aliyekwama ada, aliyeahirisha mwaka, na wa mwaka wa kwanza ambaye jina lake halijaingizwa, wote wanakutana na maneno yale yale kwenye skrini. Hapo mkutubi anaweza kukuthibitishia tu. Anayefungua ni ofisi ya usajili au uhasibu.

Nimeingia vizuri, lakini naambiwa nilipe dola

Hili ndilo linaloleta malalamiko makubwa, na lina sababu angalau nne. Kabla ya yote: usilipe. Makala moja hugharimu dola makumi, na chuo huenda kimeshailipia.

Sababu inayoongoza ni njia uliyoingilia. Mtu anaingia kwenye maktaba, anakubaliwa, halafu anafungua dirisha jipya, anatafuta kwenye Google, anabofya jibu la kwanza. Google imempeleka moja kwa moja kwa mchapishaji, nje ya proksi. Rudi kwenye anwani: jina la chuo halipo. Dawa ni kuanzia kwenye ukurasa wa maktaba, ubofye jina la hifadhidata hapo, kisha utafute makala ukiwa humo ndani.

Ndugu wa tatizo hilo ni linki za kwenye kundi la WhatsApp. Mwenzenu aliye kwenye Wi-Fi ya chuo ananakili linki inayomfungukia yeye, anaituma kundini, na watu arobaini walio vijijini wanaambiwa walipe. Linki si mbovu. Haina tu kipande cha proksi mbele. Vyuo vinavyotumia EZproxy huwa na anwani yao ya kuingilia, inayoishia na login?url=. Ukiibandika hiyo mbele ya anwani ya mchapishaji, linki ile ile itakupitisha mlango wa chuo kwanza. Iombe maktabani, ihifadhi kwenye simu. Walimu wanaotuma orodha za kusoma wangeijua, wangetupunguzia nusu ya kazi.

Sababu ya tatu: umepita kihalali, jina la chuo lipo kwenye anwani, na bado unadaiwa. Hapo huenda chuo hakijalipia kitu hicho. Kulipia hifadhidata si kulipia kila jarida lililomo, na kulipia jarida si kulipia miaka yote. Baadhi ya mikataba huishia toleo fulani, na mingine ina kile kizuizi cha miaka ya karibuni: kwenye JSTOR majarida mengi hubakiza nje miaka mitatu hadi mitano ya mwisho. Kwa hiyo anayeandika juu ya mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho anaweza kupata makala za mwanzo mwanzo, zile za baada ya mfumo kuanza Mtwara mwaka 2007, akazikosa za mwaka jana kwenye jarida lile lile. Tafuta alama ya kufuli au ya tiki kando ya kichwa cha makala. Ndiyo inayosema unachoruhusiwa.

Ya nne ni malipo ya chuo kuisha muda. Dalili yake ni kwamba hifadhidata nzima inagoma, kwa kila mtu, hata kwa walio ndani ya chuo. Hapo msimwandame mkutubi. Fedha haziko mfukoni mwake.

Naingia, inanirudisha kuingia tena

Unaweka nenosiri, ukurasa unawaka, unarudishwa pale pale. Proksi hukutambua kwa vidakuzi, yale mafaili madogo inayoyaacha kwenye kivinjari. Kivinjari kikivikataa, kila ukurasa unaofungua ni kama unafika kwa mara ya kwanza. Wengi wetu tunapenda Opera Mini kwa sababu inabana data, na inabana kweli. Lakini ikiwa kwenye hali ya kubana sana, kurasa hupitishwa kwanza kwenye seva zake zenyewe, na baadhi ya mambo ya kurasa hizo hayafanyi kazi ipasavyo. Kwa maktaba tumia Chrome au Firefox. Habari za michezo soma kwa Opera Mini.

Angalia pia kama uko ndani ya kivinjari kidogo cha Facebook au Telegram. Ukibofya linki humo, ukurasa hufunguka ndani ya programu ile ile, bila vidakuzi vya kivinjari chako. Gusa vidoti vitatu, chagua kufungua kwa Chrome.

Wenye laini mbili nao wana kisa chao. Kule juu Newala simu inahangaika: laini hii inashika, ile inaachia, simu inahamia yenyewe. Kila ikihama anwani ya IP inabadilika, na proksi nyingine hudhani akaunti imedakwa na mtu wa pili. Chagua laini moja ya data na uzime kuhama kwa kujiendesha. Na kama uliondoka kwenda kula ukarudi ukakuta umetolewa, huo si ugonjwa. Kwa kawaida EZproxy hukufungia baada ya saa mbili bila kuitumia.

Vyote hivyo vikishindikana, futa vidakuzi vya tovuti ya chuo na ya mchapishaji peke yake. Si lazima ufute kila kitu ukapoteza na nenosiri la barua pepe.

Makala inafunguka, PDF haishuki

Faili likishuka likawa dogo kupita kiasi, na kisomaji kikasema limeharibika, mara nyingi si PDF kabisa. Ni ukurasa wa kuingia uliohifadhiwa kwa jina la PDF. Husababishwa na programu za kupakua zinazojiongeza kwenye simu: zinachukua linki lakini hazina vidakuzi vya kivinjari, proksi inazikabidhi ukurasa wa kuingia, nazo zinauhifadhi kwa furaha. Pakua kwa kivinjari chenyewe.

Vitabu vina kanuni zao. Vingine huruhusu kurasa kadhaa tu, vingine huazimwa kwa siku chache na huhitaji programu ya kusomea iitwayo Adobe Digital Editions, vingine husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukiambiwa kitabu kinatumika, kuna mwenzako amekifungua. Rudi usiku.

Jana ilikuwa sawa, leo chuo kizima kimefungiwa

Kuna mtu kapakua jarida zima. Wachapishaji huhesabu kasi ya upakuaji, na wakiona mamia ya makala kwa dakika chache hufunga anwani nzima ya chuo kwanza, maswali baadaye. Kwa kuwa wote mliopita kwenye proksi mnaonekana kwa anwani moja, wote mnaumia. Maktaba hulazimika kumtafuta mhusika kwenye kumbukumbu za seva na kumwandikia mchapishaji kabla ya kufunguliwa. Anayefanya hivyo kwa programu ya kujiendesha asifikiri haonekani. Jina lake lipo kwenye kumbukumbu.

VPN je?

VPN ni programu inayoupitisha mtandao wako kwenye seva ya mahali pengine. VPN rasmi ya chuo, kama ipo, hufanya kazi ya proksi kwa namna nyingine: simu yako inakuwa kama iko chuoni. VPN za bure za kwenye simu ni kinyume chake. Zinakuhamishia Uholanzi au Marekani, na hapo baadhi ya milango inafungwa kabisa, hasa ile inayotoa huduma bure kwa kuangalia nchi uliyopo. Tena tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka wanaotumia VPN wazitolee taarifa. Kabla ya kulalamikia maktaba, izime, jaribu tena.

Hinari na wenzake

Wanafunzi wa afya, wa Mtwara mjini hadi Ndanda, na watafiti wa kilimo wa upande wa Naliendele, wanahitaji kujua kitu tofauti. Research4Life, mpango unaozipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma, ina mikusanyo mitano: Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya sayansi na teknolojia, GOALI ya sheria na jamii. Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata bure, lakini taasisi lazima iwe imesajiliwa. Kwa desturi nenosiri ni la taasisi, si la mtu, na liko kwa mkutubi. Likikataliwa ghafla, yaelekea limebadilishwa, liombe jipya. Kosa la kawaida ni kuingia Research4Life kisha kwenda kwa mchapishaji kupitia Google. Bofya jarida kutoka ndani ya orodha yao, la sivyo unarudi kuwa mpita njia. Na nenosiri hilo lisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Likizagaa, taasisi nzima inaweza kuzuiwa.

Ukiwa na haraka

Kazi inatakiwa kesho na mlango haujafunguka. Kwenye Google Scholar bofya sehemu ya matoleo yote ya makala hiyo. Mara kwa mara kuna nakala halali kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. AJOL ina majarida mengi ya Afrika yaliyo wazi, na kwa mada za hapa nyumbani mara nyingi hunifaa kuliko hifadhidata za ghali. JSTOR yenyewe humruhusu mwenye akaunti binafsi ya bure kusoma makala hadi 100 kila siku 30, mtandaoni tu, bila kupakua. Na unaweza kumwomba mkutubi akutumie makala hiyo moja. Tuma kichwa chake, jina la mwandishi na mwaka, si picha ya skrini iliyokatwa nusu.

Kama unatumia kompyuta ya steshenari, kataa ikikuomba kuhifadhi nenosiri, na toka kwenye akaunti kabla ya kulipia uchapishaji. Zile kompyuta zina kumbukumbu nzuri kuliko wenyewe.

Namna ya kuripoti

Ujumbe unaojibika haraka unafanana na huu: "Shikamoo Madam. Ni mwanafunzi wa elimu mwaka wa pili, niko Mahuta kwenye mazoezi. Jana saa mbili usiku nilifungua JSTOR kupitia ukurasa wa maktaba, nikakubaliwa kuingia, makala ikadai malipo. Anwani ya juu ina jina la chuo. Natumia Chrome kwenye simu. Nimejaribu kwa laini mbili tofauti, hali ni ile ile. Natuma picha ya skrini nzima na linki ya makala."

Kwa ujumbe huo najua mlango wa kwanza na wa pili umepita, naenda moja kwa moja kuangalia mkataba wa jarida. Kumbuka kutaja saa, kwa sababu kumbukumbu za seva hupekuliwa kwa saa. Namba ya usajili weka. Nenosiri usiweke, hata ukiombwa. Mkutubi halihitaji kukusaidia.